Maduara ya Kutu

Himbi, 2 Machi 2026

Kwa Muzee Habarurema, Lac Vert

Muzee wangu,

Amani iwe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Unisamehe kukuandikia kabla hatujapeana mkono. Naitwa Byiringiro, mtu wa Masisi, baba wa watoto watatu. Ni mimi niliyekufungulia geti siku ile ya Januari ulipofika hapa kwa Mama Athanasie. Ulinitazama kuanzia kichwani, macho yako yakaishia kwenye mabuti, ukageuka ukaenda zako bila kusema jina. Mlinzi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mabuti yale ni yako, na bustani hii ulikuwa ukiitunza wewe.

Jumapili iliyopita nilikuja Lac Vert kukuona. Binti yako Umwiza alisimama mlangoni akasema, "Papa hayuko, alienda ku misa." Nilikaa juu ya jiwe nikakungoja mpaka misa zote zikaisha.

Kwetu mtu akipewa shamba lililolimwa na mwingine, huenda kwanza kwa yule mwingine kuomba njia. Ndiyo maana naandika. Vita vilipofika na Mama alipovuka mpaka, begonia zako zilirundikwa depo, kule stoo, na mlinzi alizimwagilia maji alipokumbuka. Ulikuwa na makopo ishirini na sita. Nimekuta kumi na manne yakiwa hai, membamba, yameinama yote upande wa kidirisha kimoja. Hakuna anayekumbuka yalikuwa yanakaa wapi. Mlinzi aliletwa wakati wa vita, akayakuta tayari depo, na Mama anakumbuka uzuri wake tu.

Tarehe 11 Julai wakwe wanakuja kwa ajili ya dot, mahari ya Bénita, binti wa nyumba. Mama anataka baraza iwe nyekundu siku hiyo. Ameniambia wazi kwamba zisipotoa maua atatafuta mtu mwingine. Naomba unifundishe: zinataka mwanga gani, maji kiasi gani, udongo upi? Kuna moja imezeeka, haina ua, Mama ameiweka mwenyewe dirishani pa jikoni. Hiyo nayo nifanyeje?

Damien, yule anayesukuma chukudu yake ya mbao akileta viazi kutoka Sake, hupita kwenu karibu kila siku. Atabeba jibu.

Mimi mtoto wako,
Byiringiro

---

Lac Vert, 15 Machi 2026

Kwa Bwana Byiringiro

Barua yako imefika ikinuka viazi. Siku ile sikusema jina kwa sababu kwenye geti lile, kwa miaka kumi na moja, mimi ndiye niliyekuwa nawauliza watu majina.

Unauliza mwanga. Begonia ni ua la jua, usidanganywe na unyonge wa majani yake. Toa makopo yote nje, uyapange juu ya ukuta wa upande wa ziwa, yapigwe jua tangu linapochomoza mpaka linapozama. Maji ni kila jioni, juu ya majani, mpaka yatiririke. Kinga mvua ya kwanza inayoanguka kwenye mabati, hata siku mlima wa volkano unapotoa moshi, kwa maana moshi ule una mbolea. Vijiwe vya volkano utakavyovikuta chini ya udongo uvitupe, ujaze udongo wa mfinyanzi uushindilie vizuri. Ukiona majani yanakuwa ya kahawia usiogope. Zinabadilisha ngozi. Ongeza maji.

Usimsumbue Mama Athanasie kwa maswali, hapendi.

Buti la kushoto linaingiza maji kisiginoni.

Habarurema

---

Lac Vert, 15 Machi 2026

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Mukamurenzi, Rutshuru

Yaya,

Mguu wangu ni uleule. Umwiza na watoto hawajambo. Mwaka ule mzima wa vita ulionilisha kwako bado naukumbuka kila nikikaa mezani. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ilibaki njiani, mikononi mwa watu unaowajua.

Leo nimefanya jambo. Yule mtu aliyechukua nafasi yangu ameniandikia kwa adabu, akaniita muzee wake, akaniuliza begonia zinataka nini. Nimemjibu. Kila nilichomwambia ni kinyume cha ukweli, isipokuwa buti.

Wewe unajua ukweli, nimekuchosha nao miaka yote. Begonia inataka jua la asubuhi tu, mpaka saa tatu, halafu mwanga mweupe usio na jua. Maji yake ni ya kwenye udongo, asubuhi, na tena baada ya kidole kukuta pamekauka. Vijiwe vya volkano chini, ili miguu yake isilale majini. Mvua ya siku ya moshi inaunguza majani kama siki. Nimemwambia azianike kama mihogo.

Nina wivu, yaya. Nasema hivyo kwako kwa sababu uliniogesha nikiwa mdogo, sina cha kukuficha. Kazi ni ya mwenye nyumba, anampa amtakaye. Lakini zile begonia zote nilizizaa mimi kutoka jani moja. Sasa anazimwagilia maji kwa kopo langu nililolitoboa kwa msumari, amevaa mabuti yangu, na Mama Athanasie anamwita kwa jina. Alipokuja hapa Jumapili nilijificha nyuma ya mlango, nikamchungulia kwenye ufa wa mbao. Alikaa juu ya jiwe saa nne nzima. Ana mgongo mzuri, ulionyooka. Hata huo nilimwonea wivu.

Zikifa kabla ya dot, Mama atalikumbuka jina langu. Atamtuma mtu aniite. Ni hilo tu ninalolitaka, niitwe.

Ile ya zamani, mama yao, ambayo nilikuwa naisalimia kila asubuhi, haina hatari. Mama Athanasie ameiweka dirishani pa jikoni. Imezeeka kama mimi, haitoi ua, nani ataipeleka ukutani kwa ajili ya sherehe?

Usiniombee nigeuke. Niombee jua.

Mdogo wako,
Habarurema

---

Rutshuru, 6 Aprili 2026

Kwa mdogo wangu Habarurema

Nimeomba mvua.

Huoni haya? Miaka sitini na mitatu, mvi mpaka masikioni, unapigana na makopo! Ulilisema hilo jani moja kama vile lilishuka kutoka mbinguni juu ya mkono wako. Mimi nilikuwepo, umesahau? Ulilivunja kwenye bustani ya masista, ukalificha ndani ya kofia, na muzee Nsengimana aliyekuwa anatunza bustani yao alikuona. Nilidhani atakupigia kelele mpaka ukimbie bila viatu. Alikuita tu, akasema, "Ukilitia majini litaoza, mutoto. Njoo nikuonyeshe." Alikaa na wewe mpaka saa ya chakula. Je, ulirudi siku moja kumshukuru? Hukurudi. Alikufa unapanga kwenda.

Mtu huyo wa Masisi ana watoto watatu. Akifukuzwa watakula nini, wivu wako? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwandikie upya kabla jua halijamaliza kazi uliyolituma.

Mguu upake mafuta ya moto, usiukandie matope.

Yaya yako,
Mukamurenzi

---

Lac Vert, 20 Aprili 2026

Kwa yaya Mukamurenzi

Yaya,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya Nsengimana ni kweli, na sikupenda unikumbushe.

Nilikuwa nimeshika kalamu ili nimwandikie upya, naapa. Ndipo Damien akasimamisha chukudu yake mlangoni, akasema, "Muzee, nimeona kopo moja ya maua kule Himbi, juu ya mur ya ziwa. Majani yake imekauka sawa karatasi." Kutoka barabarani, kopo moja likionekana ukutani, mengine yote yako nyuma yake.

Ningekudanganya nikisema nilihuzunika. Nilicheka, yaya. Nilimpa Damien chai na nusu ya mkate. Nimelitoa shati langu la kazi kwenye sanduku, Umwiza amelifua, linaning'inia hapa mbele yangu.

Kalamu nimeiweka chini. Jambo limeshakuwa.

Habarurema

---

Himbi, 24 Mei 2026

Kwa Muzee Habarurema

Muzee wangu,

Ninakushukuru, na pia nina jambo la kukuomba radhi.

Barua yako nilipoipata niliogopa kuyatoa makopo yote kwa mara moja. Nikasema nijaribu kwanza kwa moja, kama mtu anavyoonja chumvi. Nililiweka ukutani, nikalijaza udongo wa mfinyanzi, nikalinywesha mvua ya siku ya moshi. Siku ya tisa lilikuwa limeungua. Nikajiambia, muzee ameona mengi mwaka uliopita, na kukumbuka kunachoka kama mguu. Sikutaka kukuuliza tena nikakutia aibu.

Wiki hiyo Mama alitaka baraza isuguliwe kwa ajili ya wageni. Nilipiga magoti na brashi. Vumbi na majivu vilipotoka, niliona maduara ya kutu kwenye simenti. Nikayahesabu. Yalikuwa ishirini na sita, makubwa ya makopo ya rangi na madogo ya makopo ya maziwa, yote kwenye upande wa mashariki, mistari miwili iliyonyooka. Upande wa ziwa hakuna duara hata moja. Nikaleta makopo, kila moja likaingia kwenye duara lake kama mguu kwenye kiatu chake. Kisha nikaketi kutwa nzima nikilitazama jua. Linayafikia mpaka saa tatu, halafu paa linalizuia. Nikamwaga kopo moja nione ndani yake, nikakuta vijiwe vya volkano, vidole vitatu. Basi nikajua maji hayatakiwi kulala.

Sasa makopo kumi na matatu yana machipukizi mekundu. Nimemwambia Mama kwamba yote ni maagizo yako, na si uongo, miaka yako kumi na moja iliniandikia sakafuni. Anataka ukae barazani siku ya dot, mbele, kwenye kiti.

Radhi ninayoiomba ni hii. Kopo lililokufa ni lile la zamani la dirishani. Nilidhani ndilo lisilo na faida, kwa kuwa halikuwa na ua. Jani moja bado lina kijani upande mmoja. Nimeliweka kwenye glasi ya maji tangu juzi na linaanza kulegea. Sijui nifanye nini.

Mtoto wako,
Byiringiro

---

Lac Vert, 25 Mei 2026, asubuhi. Damien anangoja mlangoni.

Byiringiro,

Litoe majini sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Likikaa humo litaoza.

Likaushe kwa kitambaa bila kulisugua. Kata sehemu iliyoungua kwa wembe uliopitishwa motoni. Ligeuze, uone mishipa mikubwa upande wa chini, uikate kidogo sehemu mbili au tatu, usilitenganishe jani. Chekecha vijiwe vya volkano mpaka upate vile vidogo kama ulezi, uvioshe, uvilowanishe tu, visielee. Lilaze jani juu yake, mishipa chini, uweke vijiwe vizito viwili mishipa iguse. Funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Liweke palepale dirishani pa jikoni, liuone mwanga wa asubuhi bila kuguswa na jua. Fungua chupa kidogo kila siku lipumue. Usilimwagilie juu. Ngoja wiki tano.

Umemaliza? Sasa soma.

Sijasahau chochote. Kichwa changu ni kizima. Nilikudanganya. Nilikuandikia kila kitu kinyume kwa makusudi, ili zife, ufukuzwe, niitwe. Damien aliponiambia ameona kopo moja limeungua, nilifurahi. Nilifikiri ni zako. Kumbe nilikuwa namchekea mama yao wote, yule niliyemlea kutoka jani, kabla ya kuijua nyumba hiyo. Nimelia mbele ya wajukuu, wakadhani ni mguu.

Nilikuonea wivu, mabuti, kopo, jina lako mdomoni mwa Mama Athanasie, hata mgongo wako. Msomee Mama barua hii. Hicho kiti cha barazani si changu.

Habarurema

---

Himbi, 30 Juni 2026

Kwa Muzee Habarurema

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Siku ya kwanza nilifanya ulivyosema kuhusu jani, kwa maana jani halina kosa. Siku ya pili niliisoma tena sehemu ile nyingine na nikataka kuja Lac Vert, si kwa salamu. Nina watoto watatu, Muzee. Nilikupigia magoti kwa maandishi, nawe ukanitengenezea shimo.

Mke wangu Umugwaneza aliniuliza kwa nini nina hasira kubwa hivyo kama maua hayakufa. Sikumjibu. Ninakujibu wewe.

Nilijua lile kopo ni lipi. Nilikuandikia kwamba nilidhani halina faida, na huo ulikuwa uongo wangu mimi. Tangu nifike hapa, hakuna siku iliyopita bila jina lako. Nikifagia, Habarurema alikuwa anafagia hivi. Nikikata majani, Habarurema asingelikata lile. Siku moja Mama alisimama jikoni akasema, "Kila asubui Habarurema alikuwa anaisalimiaka kwanza ile kopo mbele ya kunisalimia miye," akacheka, macho yakamlenga machozi. Mimi nimemfanyia kazi miezi, hajawahi kucheka hivyo kwa jambo langu. Barua yako ilipofika ikisema jua la kutwa, moyoni nilihisi si sawa, mkulima yeyote angehisi. Makopo yalikuwa kumi na manne. Ningeweza kujaribu kwa lolote. Nilimwambia Mama ninalipeleka lile likapate hewa, nikalibeba mwenyewe mpaka ukutani.

Na ulipoonekana kama umesahau, nilifurahi. Nilisema, basi, huyu muzee naye ana mwisho.

Barua yako sijamsomea Mama. Nikimsomea yako, ni lazima nimsomee na hii. Sina moyo huo, na nadhani nawe hunao tena.

Jani limetoa vichipukizi viwili palipokatwa mishipa, vidogo kama mtama. Uje kwenye dot. Buti la kushoto nimeliziba kwa mpira wa tairi, haliingizi maji. Utayakuta yote mawili kwa mlinzi.

Byiringiro

---

Lac Vert, 13 Julai 2026

Kwa yaya Mukamurenzi

Yaya,

Nilienda. Nililivaa lile shati. Mama Athanasie alinishika mkono mbele ya wakwe akasema, "Huyu njo muzee wa maua," wakanipigia makofi. Nilitamani simenti ipasuke, lakini ilikuwa imekaliwa na makopo. Byiringiro alikuwa amesimama nyuma na trei ya soda. Tulitazamana mara moja tu, kisha kila mtu akatazama maua.

Nakuambia wewe peke yako: yalikuwa mazuri kuliko yangu. Miaka kumi na moja sikuwahi kuyapata mekundu vile, mpaka yakainamisha vikonyo. Wivu ulinipanda hapo hapo kwenye kiti cha heshima, soda mkononi.

Wakati wa kuondoka mlinzi alinipa mabuti. Nilifika nayo mpaka barabarani, nikarudi, nikamwachia Byiringiro. Yanamkaa vizuri kuliko mimi, na bustani ile ina matope. Nilichukua tu kopo langu la matundu.

Kwa Nsengimana nimeomba misa. Ni kuchelewa, najua.

Habarurema

---

Himbi, 22 Agosti 2026

Muzee wangu,

Damien amebeba kiboksi, kimefunikwa kwa jani la mgomba kwa ajili ya vumbi. Mwambie asikigeuze anapokishusha. Ni kimoja kati ya vile viwili. Nilivitenganisha kwa ncha ya kisu, kila kimoja na mizizi yake. Kingine kimebaki hapa, dirishani pa jikoni. Mama anapita kukisalimia, na juzi alinisalimia mimi kwanza.

Vyote viwili vina majani mawili. Nimevipima kwa kidole, vinalingana. Sikukuchagulia kibaya.

Byiringiro

---

Lac Vert, 30 Agosti 2026

Byiringiro mwanangu,

Kimefika salama. Hapa kwa Umwiza hakuna baraza, ila kuna turubai jeupe lililofunika upande wa mashariki, na mwanga unaopita humo ni mzuri kuliko wa Himbi. Sisemi kwa majivuno, nimekaa nikautazama kutwa nzima, kama ulivyofanya wewe. Nimekitia kwenye kopo la maziwa, vijiwe vidole viwili. Kila asubuhi nakisalimia.

Sasa kina majani matatu, na la nne linafunguka.

Chako kina mangapi? Usinidanganye.

Habarurema